Njiwa Mia Moja wa Midhat Sarhan

Iskandaria, mtaa wa Bakos
3 Februari 2019

Ustadh Midhat Sarhan,

Amani iwe nawe na wote walio nyumbani kwako. Hunijui. Naitwa Yusra Qandil, ni mwandishi wa programu za kompyuta, na anwani yako nimepewa na chama cha walimu wastaafu baada ya kuwasumbua wiki nzima. Waliniambia simu hutaki kuisikia, kwa hiyo natumia wino.

Nimeajiriwa na Ustadh Fikri Tulba. Mchezo wake wa zamani wa kompyuta, Mfuga Njiwa, utatolewa upya, na kazi yangu ni kuulainisha. Kama unakumbuka, mchezo ulichora picha kumi na nane kwa sekunde, kwa kuwa ndivyo saa ya kompyuta za mwaka 1992 ilivyopiga. Leo vioo vinaonyesha sitini. Watu wakimwona yule mzee mnene wa kanzu akiruka kutoka paa hadi paa kutafuta njiwa wake walioibwa, wanamwona akikatikakatika kama ana kwikwi. Nilidhani ni jambo la siku tatu: nikaiharakisha saa. Mzee akapanda ukuta mbio kama amemwagiwa mafuta ya kukaangia taamiya, njiwa wakapita kama risasi. Kumbe kufikiri kwa mchezo na kuchora kwake kumefungwa kamba moja. Ukivuta huku, kule kunakuja.

Sasa nimeufumua wote, namba kwa namba. Na katikati ya orodha ya njiwa nimekuta herufi zilizopangwa kinyume. Nilipozigeuza zikasoma jina lako.

Nikamwuliza Ustadh Fikri. Akacheka, akasema, "Midhat? Huyo alikuwa akituchemshia chai dukani." Lakini Ustadh, mimi nimeishi ndani ya hesabu hizi miezi mitatu. Aliyeziandika hajawahi kuniambia uongo hata mara moja, na Ustadh Fikri huniambia mara mbili kabla ya adhuhuri. Kama ni wewe, nisaidie. Hafla yao ya kuzindua ni tarehe 18 Aprili.

Kwa heshima,
Yusra Qandil


Dumyat
12 Februari 2019

Bi Yusra Qandil,

Barua imefika. Mimi ni fundi wa kuchora ramani za makabati katika karakana ya Hagg Abul-Maati, na kompyuta sijaigusa miaka ishirini na tano. Chai nachemsha vizuri, hilo Fikri hakukosea.

Hata hivyo nitajibu moja. Usiiharakishe saa. Mwache mzee afikiri mara kumi na nane kwa sekunde kama alivyozaliwa. Wewe ongeza picha za katikati tu: alikuwa hapa, atakuwa pale, mchore njiani. Lakini mahali alipo kikweli na mahali unapomchora pasiwe pamoja kwenye kumbukumbu, la sivyo atayapita mapaa na kudondoka.

Nina swali na mimi. Unapojaribu kazi yako, unacheza tangu mwanzo hadi mwisho, au unaruka moja kwa moja hadi mtaa unaoutaka?

Midhat Sarhan


Dumyat
13 Februari 2019

Dada yangu Inshirah,

Nakuandikia kwa kuwa masikio yako na simu havielewani, na kwa kuwa hili siwezi kulipigia kelele.

Mungu amenifungulia mlango wa Fikri Tulba. Miaka ishirini na saba nimebisha.

Unakumbuka vizuri. Miezi kumi na minne nikitoka shuleni, chaki bado mikononi, naenda kukaa kwenye mashine ya dukani kwake. Kila mruko wa yule mzee niliupigia hesabu kwenye daftari. Kisha Fikri akaenda na mchezo ule kwenye maonyesho ya Ghuba, akarudi na picha gazetini, jina moja tu, lake. Nilipomfuata pale mkahawani, mbele ya walimu wenzangu na wazazi wa wanafunzi wangu, akamwambia mhudumu, "Mpishe huyu, ni mtu wangu wa chai." Walicheka, Inshirah. Hadi mwisho wa mwaka wanafunzi walinipokea darasani wakigonga vijiko kwenye madawati. Ndipo nikahama.

Sasa kuna msichana anayefanya kazi kwake, ananiuliza jinsi ya kuulainisha mchezo. Ananipamba kwa maneno. Anakula mkate wa Fikri, siwezi kumwamini.

Wakati ule niliweka kufuli humo, Fikri asijue. Kuna baiti moja kwenye kumbukumbu inayoshika namba. Mtu akiibadili, mchezo haumkatalii. Unamwacha acheze, afurahi. Siku atakapokusanya njiwa mia moja mfululizo, bila kuanza upya, mapaa yote yanageuka hewa, mzee anaanguka, na kioo kinaandika: UMEIBA. ANGUKA. Nilikusudia wale waliokuwa wakinakili disketi na kupachika majina yao. Hakuna mstari wa programu unaoitaja baiti hiyo kwa jina. Kufuli huifikia kwa hesabu, hata yule msichana hataiona.

Nitamwambia kuwa ni chumba kitupu, aweke vitu vyake humo. Gazeti linasema Fikri ataucheza mwenyewe jukwaani, mbele ya wageni.

Nalala kama mtoto siku hizi.

Nduguyo,
Midhat


Tanta
19 Februari 2019

Midhat,

Barua yako nimeisoma mara mbili na miwani ya marehemu mume wangu juu ya miwani yangu, nikidhani nimekosea. Sikukosea.

Watu husema hasira hasara. Wewe umeigeuza mtaji, na kila mwaka unaongezea. Sikulaumu kumchukia Fikri. Mimi mwenyewe nikimwona kwenye televisheni naigeuzia mgongo. Lakini wewe tangu utotoni, ukishindwa kumpiga aliyekupiga, unampiga aliye karibu. Mimi nilikuwa karibu miaka mingi, ndiyo maana najua.

Huyo msichana ana mama? Ana kodi ya nyumba? Siku mapaa yatakapogeuka hewa, nani atasimama chini? Fikri hajawahi kuanguka pasipo mtu wa kumwangukia.

Mwandikie ukweli. Au usimwandikie kabisa.

Na hiyo halua ya mishabik uliyonitumia ilifika imeshikana kama tofali. Nimeila hivyo hivyo.

Dada yako,
Inshirah


Iskandaria
2 Machi 2019

Ustadh Midhat,

Mchezo unateleza! Nisamehe kwa kelele, sina wa kumpigia. Nilimchora mzee njiani kama ulivyosema, na mara ya kwanza nikauona ule mruko ulivyo: anachuchumaa kidogo, anapaa, juu kabisa anatulia kama anasita, kisha anashuka mzito. Kwa picha kumi na nane kusita huko kulikuwa hakuonekani. Uliandika kusita huko mwaka 1992, na hakuna jicho lililokuwa limewahi kuliona jambo hilo. Nilimwita mama aje atazame. Akasema, "Huyo anaruka kama baba yako akivuka dimbwi." Baba alifariki nikiwa chuoni.

Kuhusu swali lako: siruki mtaa kwa mtaa kwa uvivu, ni kazi tu. Nina kifaa kinachoniingiza Attarin au Karmuz moja kwa moja na njiwa kumi. Kuucheza wote ni dakika ishirini na mbili, na mimi huvunja na kujenga mara arobaini kwa siku.

Tatizo langu sasa ni nafasi. Ulijaza kumbukumbu hadi ukingoni kama mkoba wa mtu anayehama. Nahitaji baiti moja tu, ya kushika sehemu ya njia aliyofika mzee kati ya hatua na hatua. Moja tu, na siipati.

Ustadh Fikri ananiita "kidole changu". Bango limeshachapwa: "Sasa laini kama hariri, kazi ya Fikri Tulba." Nimemwuliza jina langu litakaa wapi, akasema vidole havina majina. Nikarudi kwenye hesabu zako.

Binti yako kama utaniruhusu,
Yusra


Dumyat
11 Machi 2019

Binti yangu Yusra,

Baiti unayoitafuta ipo. Mara tu baada ya orodha ya urefu wa miruko, kuna sifuri tatu, kisha namba 91. Hiyo 91 haina kazi. Niliisahau humo. Iandike upendavyo.

Tafuta kwanza uone kama kuna mstari unaoigusa, usiniamini tu.

Mungu amrehemu baba yako.

Midhat


Iskandaria
23 Aprili 2019

Ustadh Midhat,

Siku tano nimekaa na karatasi hii. Nakuandikia kukuomba radhi.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na watu wa magazeti, na wanunuzi kutoka Dubai, na mama kwenye safu ya tatu na gauni alilolishona kwa ajili ya siku ile. Ustadh Fikri alipanda jukwaani akacheza mwenyewe. Nilikuwa nimemfundisha wiki mbili, kila asubuhi, mtaa mmoja mmoja, mpaka akaweza kumaliza kila mmoja. Nitakuambia kwa nini.

Alicheza vizuri. Watu walikuwa wanahema kila mzee anaposita angani. Katika mtaa wa tatu akamkamata njiwa wa mia. Mapaa yakatoweka, Ustadh. Mzee akaanguka, akaanguka, na kioo kikubwa nyuma ya Fikri kikaandika: UMEIBA. ANGUKA.

Nilimwona Fikri akigeuka mweupe kama jibini. Kwa muda wa pumzi tatu nilidhani Mungu ameshuka ukumbini. Kisha akacheka, akachukua kipaza sauti. Akasema hilo ni kufuli alilolitia yeye mwenyewe mwaka 1992 kuwanasa wezi, na leo limemnasa mmoja. Akaninyooshea kidole. "Msichana wetu alichukua nakala ya wizi mtaani akatuletea. Waoneni vijana wa siku hizi." Wakampigia makofi. Watu wawili wakanishika mikono mpaka mlangoni, na mama akanifuata akiwa amebeba viatu vyangu, maana kimoja kilinivuka nikakiacha na cha pili.

Ofisi tatu nilizoomba kazi tangu siku hiyo zimeniuliza kama mimi ndiye yule mwizi wa nakala.

Sijui nilikosea wapi. Nimepekua kila mstari, sioni. Lakini ninayotaka kukuambia ni haya. Nilikuwa nimeuficha ukurasa wa mwisho. Mchezo ukiisha, njiwa wote wakirudi bandani, badala ya jina lake lingetokea lako, herufi kubwa, kioo kizima: MCHEZO HUU ULIANDIKWA NA MIDHAT SARHAN, MWALIMU WA HESABU. Ndiyo maana nilimfundisha Fikri kufika mwisho. Nilitaka alifikie kwa mkono wake, mbele ya kila mtu, alisome yeye. Sikukuambia kwa kuwa nilihofia barua zisije zikafunguliwa ofisini. Kazi ningeipoteza tu, nilijua, na mama alijua. Tulikuwa tumekubaliana naye. Nilitaka tu niipoteze kwa jambo.

Zilibaki kama dakika nne. Nisamehe.

Yusra


Iskandaria, kutoka meza ya Fikri Tulba
6 Mei 2019

Ndugu yangu wa zamani Midhat,

Ramadhani njema. Umri umetukimbia, na mimi si mtu wa kubeba kinyongo katika mwezi huu.

Katika droo ya yule msichana tumeokota bahasha yenye mwandiko wako. Basi najua mmekuwa mkiandikiana. Sikuulizi mliambiana nini. Nakuuliza unataka nini.

Kuna mtu alipiga picha za video siku ile, na zinazunguka. Watu wa Dubai wanauliza maswali ya kitoto: nani kaiba, kamwibia nani. Naomba uniandikie mistari mitatu, uitie sahihi: kwamba msichana alikuja kwako akitafuta njia ya kuuharibu mchezo, na wewe ulimkanya. Basi. Katika sanduku la toleo jipya jina lako litakaa chini ya langu, kwa herufi zilezile.

Midhat, sote wawili tunajua mkono ulioandika mchezo ule ulikuwa wa nani. Sijawahi kulikana hilo mbele ya Mungu. Nimelikana mbele ya watu tu, na watu husahau. Usiache binti wa mtu akunyime ulichokingoja maisha yako yote.

Barua hii ichane ukishaisoma.

Fikri


Dumyat
14 Mei 2019

Yusra,

Hukukosea popote. Baiti ile ya 91 ndiyo kufuli. Nilikupa nikijua. Nilikuuliza unavyojaribu kazi yako ili nijue kama utawahi kufikisha njiwa mia kabla ya siku ile. Nilikuambia utafute mstari unaoigusa kwa kuwa nilijua hutauona. Nilitaka Fikri aanguke, na nilikuweka wewe chini yake kama mtu anavyoweka kabari chini ya kabati.

Barua yako ya tarehe 2 Machi ilipofika, na maneno ya mama yako juu ya dimbwi, niliiweka siku sita mezani. Nilikuwa na siku sita za kuacha. Sitaki ufikiri sikuzipata.

Dada yangu alinikanya kwa maandishi. Hata kufuli lenyewe Fikri amesema ni lake. Nilitaka kumvua nguo mbele ya watu, nimemvisha moja zaidi.

Sikuombi msamaha, sina uso wa kuombea. Nakutumia barua aliyoniletea yeye. Alitaka niichane. Isome aya ya mwisho kabla ya mstari wa kuchana. Ni wino wake, sahihi yake. Mistari mitatu anayoitaka sikumwandikia, na usinipe sifa kwa hilo, kwani kwa siku mbili kalamu ilikuwa mkononi.

Ninajua unachoweza kufanya na karatasi hii. Mwumize nayo. Na hii yangu ni ushahidi kwamba wewe huna kosa. Itumie vilevile, hata ikiniumiza.

Midhat Sarhan


Iskandaria
10 Juni 2019

Ustadh Midhat,

"Binti yangu." Uliniandikia neno hilo katika barua ileile. Nimeitazama mpaka karatasi imelegea kwenye mikunjo. Mstari wa juu binti yangu, mstari wa chini 91, na mwishoni unamwombea baba yangu rehema. Fikri hajawahi kunipiga kwa jina la baba yangu. Fikri angalau akikuibia unajua umeibiwa.

Mama alisema nizichome zote. Nilimwambia hapana, hizi zina kazi.

Nimefanya hivi, nakujulisha kwa adabu ambayo wewe hukunipa.

Nimeumaliza mchezo. Kufuli nimeling'oa. Unateleza picha sitini kwa sekunde, na kwenye vioo vipya hata mia na ishirini, tangu mtaa wa Anfushi hadi banda la mwisho, na safari hii nimeucheza wote, tangu mwanzo, mara thelathini. Nimeuweka kwenye mtandao bure, kwa yeyote. Sanduku la toleo lake Fikri ataligeuza kabati, awaite mafundi wa kwenu. Kando ya mchezo nimeweka picha ya barua yake, ukurasa mzima, na ule mstari wa "mbele ya watu tu" nimeupigia mstari mwekundu. Nikaubonyeza uende. Nilikula sahani nzima ya maharage ya ful baada ya hapo, na vitunguu.

Siku ya pili watu elfu nne walikuwa wameupakua. Siku ya tatu watu wa Dubai walijitoa. Siku ya nne Fikri alimpigia mama yangu akilia, akasema atanirudisha kazini na kuandika jina langu popote nitakapo. Mama akamwambia vidole havina simu, akakata.

Sasa wewe.

Ukurasa wa mwisho nimeuandika upya. Nilifikiria kuliondoa jina lako kabisa. Hiyo ingekuwa rahisi, lakini ingekuwa uongo, na ndani ya mchezo ule hakuna uongo ila mmoja, nao ni ule wa kwako wa Machi. Kwa hiyo njiwa wakirudi bandani, kioo kinaandika mistari miwili:

ULIANDIKWA NA MIDHAT SARHAN, 1992.
ULIVUNJWA NA MIDHAT SARHAN, 2019.

Na barua zako zote zipo hapo kando, kwa atakayetaka kujua maana ya mstari wa pili. Umelingoja jina lako miaka ishirini na saba. Chukua. Limekuja na kivuli chake.

Ukitaka niufute mstari wa pili, niandikie. Nitaifuta mistari yote miwili.

Yusra Qandil


Dumyat
17 Juni 2019

Bi Yusra Qandil,

Usifute.

Midhat Sarhan


Dumyat
21 Julai 2019

Dada yangu Inshirah,

Umeniuliza kama sasa nimeridhika, na ukataka nisikudanganye.

Ya Fikri yalinifurahisha. Sitajifanya mtu wa dini. Ofisi ameifunga, bango limechanwa, na mwalimu mmoja tuliyefundisha naye ameniandikia kutoka Iskandaria kwamba Fikri alipoingia mkahawani wiki iliyopita, vijana wa meza ya pembeni walianza kugonga vijiko kwenye vikombe. Waligonga mpaka akatoka. Niliisoma barua ile mara sita. Ya saba sikuisoma, nikaitia kwenye jiko la kuyeyushia gundi karakanani.

Yule binti nimemwandikia mara tatu tangu hapo. Ya kwanza ilikuwa ndefu, ya pili fupi, ya tatu ilikuwa anwani ya mtu ninayemfahamu Mansura anayetafuta mwandishi wa programu. Hajibu. Ya tatu imerudi na maandishi ya mtu wa posta: wamehama. Sijui wamehamia wapi, na sina haki ya kuuliza chama cha walimu.

Hapa Dumyat habari ilikawia kidogo, kisha ikafika. Jana baada ya Alasiri Hagg Abul-Maati aliniita ofisini kwake, akafunga mlango, akatoa simu yake kubwa. Mwanawe wa kike amemwekea mchezo. Akasema, "Midhat, miaka ishirini na tano unanichorea miguu ya makabati, kumbe nimefuga mtu na simjui." Akanikalisha, akacheza mbele yangu. Anacheza vibaya, ana vidole vya seremala, alianguka kila paa. Lakini ni mkaidi, na mimi nilikuwa namwelekeza, hapa subiri, hapa ruka sasa. Tulikaa karibu saa mbili. Nilimwona yule mzee wangu akisita angani kama nilivyomwona kichwani mwaka ule, sivyo nilivyowahi kumwona kwenye kioo chochote. Yule binti amefanya kazi safi, Inshirah. Hakuna fundi wetu aliyewahi kuunganisha mbao mbili kwa namna ile.

Akafika mwisho. Njiwa wakarudi bandani. Hagg akausoma mstari wa kwanza kwa sauti, jina langu lote na mwaka, akanipiga bega, akausoma tena.

Wa pili akausoma kwa macho tu.

Kisha akaizima simu, akaitia mfukoni, akaniuliza kama miguu ya lile kabati la bibi harusi wa Izbat al-Burj tuichonge mviringo au ya pembe.

Nikamwambia mviringo.

Nduguyo,
Midhat